Vidole Vinne

Lililetwa kwangu Isevya likivutwa na trekta,
gari la Kiingereza la viti viwili,
wekundu wake umechujuka ukawa rangi ya tofali,
fupi hata mbuzi wa jirani alilichungulia kwa juu.
Turubai la paa limefumuka,
kioo cha plastiki cha nyuma kimekuwa njano, samli iliyoganda.

Nikasema: nitabadili kitambaa, siku tatu.
Bi Nyanzala akasema: kitambaa, ndiyo.
Na paa ulinyanyue.
Kiasi gani?
Akalaza kiganja chake juu ya kilemba.
Vidole vinne.

Kabla sijashika msumeno akaja kijana kutoka Arusha,
hukusanya magari ya zamani, hunusa ngozi ya kiti akafumba macho.
Akaniambia: fundi, ukizikata mbavu hizi umelinajisi.
Paa hili lilichorwa na watu waliosoma.
Thamani yote itapotea.

Bi Nyanzala alikuwa kibarazani, anamenya karanga.
Hakuinua uso.
Hao waliochora, walinipima mimi?

Kisha, kijana alipoondoka, bila kuulizwa:
marehemu Msabila alilinunua kwa bwana wa tumbaku
aliyekuwa akifungasha kurudi kwao.
Miaka ishirini na minane nimekaa upande wa kushoto,
kilemba nimekipakata kama mtoto mwenye homa,
shingo nimeipinda, naitazama barabara kwa jicho moja.
Msabila alikuwa mfupi.
Hakuwahi kuuliza.
Wahenga wanasema kuinamako ndiko kuinukako.
Mimi kuinama nimemaliza.
Niambie bei.

Nikamkalisha kitini, nikampima kwa kamba ya katani,
si kwa futi ya chuma, maana kilemba hupumua.
Mbavu tatu nikazikata katikati,
nikaziunga kwa bomba la baiskeli ya Finiksi,
chuma cha Mwingereza na chuma cha Mchina
vikaaminiana ndani ya moto wa gesi.
Turubai nilipata karakana ya reli,
liliwahi kufunika behewa la chumvi ya Uvinza;
Kasanda, kijana wangu, alilamba ukingo wake akacheka.
Tukalipaka nta ya Sikonge iliyoyeyushwa na mafuta ya taa,
na nyuki wawili wakaja kudai chao.

Kosa langu sikumwambia mtu.
Nilinyanyua mbavu zote sawasawa, na ya mbele pia,
paa likagoma kukutana na kioo,
likaacha mwanya wa kupitisha kidole, upepo ukapiga mluzi humo.
Siku mbili nikafumua nilichoshona.
Kasanda alijua. Alinyamaza, akanishikia taa.

Likatoka na nundu, kama fahali wa Igunga.
Watoto wa shule wakalizunguka wakilipigapiga mgongo.
Mimi nilisimama mbali kidogo,
nikaliona baya,
nikalipenda.

Siku ya kulichukua alikuja amejifunga kilemba kingine,
cha kitenge kizito, kirefu kuliko kile nilichopima.
Tukatazamana.
Akaingia, safari hii upande wa usukani,
akajiweka, akanyoosha mgongo taratibu
kama mtu anayejaribu kiatu kipya.
Kilemba kikaligusa paa, kikaligusa tu.
Nikaanza kusema, mama, naweza kuongeza...
Acha, akasema. Nataka kujua lilipo.

Akashika njia ya Kipalapala, gia ya pili ikilalamika,
na kupitia kile kioo kipya cha nyuma
niliiona shingo yake, wima,
mpaka vumbi lilipoifunika.

Bado namdai elfu nne.
Na kona ya kushoto inavuja, nilisahau nta pale mshono unapogeuka.
Mvua ikinyesha usiku
huwa naisikiliza ile kona, nikiwa kitandani kwangu.